Vita vikianza, kodi ishuke au ipande? Mzee wa Stakabadhi anajibu

Mwezi uliopita nilidokeza hapa, kwa kupita tu, kwamba mwaka 2003 Marekani ilipunguza kodi miezi miwili baada ya majeshi yake kuingia Iraq. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yote niliyoandika kuhusu mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi. Basi safu ya mwezi huu ni ya vita na kodi. Wa EFD wanisubiri, mashine zao hazina pa kwenda.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Stakabadhi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Jioni tunakaa kijiweni kunywa kahawa, na juzi tulibishana mpaka mwenye birika akatufukuza. Mwenzangu anayeuza mbao anasema nchi ikiwa vitani serikali ishushe kodi ili biashara zipumue, na zikipumua zitazaa kodi nyingi zaidi. Mimi nasema huo ni wazimu, risasi hazinunuliwi kwa maneno. Tumewekeana kreti ya soda. Nani anakunywa bure?
*Muuza nondo, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kreti ya soda ina chupa 24. Wewe chukua 20, muuza mbao mpe 4. Hizo 4 kazipata kihalali, nitaeleza huko mbele.

Nimekuwa mkadiriaji wa kodi kwa miaka mingi, Mwanza kwanza, baadaye Dar es Salaam. Nimeona wafanyabiashara wa daftari moja na wenye daftari mbili, la kaunta na la mvunguni, na wote, wa kweli na wa uongo, walikuwa na hoja kama ya muuza mbao: nipunguzie leo, mwakani utapata zaidi. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyepunguziwa akarudi mwakani kuuliza hiyo zaidi ailipie dirisha gani.

Serikali ikishanunua risasi, bili ipo mezani. Kupunguza kodi hakuifuti bili, kunabadilisha jina la mlipaji tu. Asipolipa mwenye duka leo, atalipa mwanawe kupitia deni la taifa, au atalipa mama anayenunua unga kupitia bei iliyopanda, au atatafutwa rafiki wa nje mwenye moyo. Wa tano hayupo. Kwa hiyo mtu akiniambia kodi ishuke wakati wa vita, namuuliza kati ya hao watatu waliobaki amemchagua nani.

Wamarekani wenyewe walilijua hilo zamani. Kodi ya mapato kule ilizaliwa na vita: Abraham Lincoln aliisaini ya kwanza Agosti 1861, Kaskazini na Kusini zikiuana. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoifanya kuwa kodi ya kila mtu. Mwaka 1939 walioilipa walikuwa kama milioni 4. Mwaka 1945 walipita milioni 40. Mwaka 1943 ndipo walipoanza kukatwa kwenye mshahara kabla haujagusa mfuko, mtindo ambao wafanyakazi wetu wanaujua vizuri kwa jina la PAYE. Kiwango cha juu kikafika asilimia 94 mwaka 1944, kwa kila dola iliyozidi 200,000. Yaani tajiri akipata dola 100 juu ya hapo anabaki na 6. Hata kwa ukali huo, kodi zililipa karibu nusu tu ya gharama. Iliyobaki ilikopwa, sehemu kubwa kwa kuwauzia wananchi hati fungani za vita, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa riba.

Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, Rais Harry Truman hakusubiri. Hata miaka miwili haijaisha, sheria tatu za kuongeza kodi zilikuwa zimepita, mojawapo ikilenga faida ya ziada ambayo makampuni huipata kwa sababu ya vita. Bajeti ya mwaka wa fedha 1951 ilifunga na ziada. Ziada, mwanangu, katikati ya vita!

Vietnam ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu pale hakukuwa na mtu aliyekaa chini akaamua kupunguza kodi kwa ajili ya vita. Februari 1964 Lyndon Johnson alisaini punguzo kubwa lililoanzishwa na mtangulizi wake Kennedy, kiwango cha juu kikishuka kwa awamu kutoka asilimia 91 hadi 70. Wakati huo Vietnam ilikuwa habari ya ukurasa wa ndani. Kisha vita vikakua, wanajeshi wakapelekwa kwa mamia ya maelfu, na punguzo likabaki pale pale. Johnson alikuwa na miradi yake mikubwa ya kupambana na umaskini na kuwatibu wazee. Alijua fika kwamba siku atakapokwenda Bunge kuomba kodi ya vita, wabunge watamwambia akate miradi hiyo kwanza. Akawa anavuta siku. Alipoomba rasmi mwaka 1967, Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya kodi katika Baraza la Wawakilishi, akamwambia hivyo hivyo. Sheria ilipita Juni 1968: ukidaiwa kodi ya dola 1,000, unalipa 1,100. Bei madukani zilikuwa zimekwisha kupanda. Bajeti ya 1969 ikafunga na ziada ndogo, na baada ya hapo Marekani haikuona ziada nyingine hadi 1998.

Sasa twende 2003. Machi majeshi yanaingia Iraq, na Afghanistan yako tangu Oktoba 2001. Tarehe 28 Mei George W. Bush anasaini punguzo la kodi. Lilikuwa lake la pili. La kwanza alilisaini Juni 2001, miezi mitatu kabla ya Septemba 11, na hilo simlaumu sana, maana hazina ilikuwa imefunga mwaka 2000 na ziada ya dola bilioni 236, na mwenye ziada anaweza kusema narudisha. La pili lilipita ziada ikiwa imekwisha na vita viwili vikiendelea. Kodi ya gawio la hisa na ya faida ya mtaji ilishushwa hadi asilimia 15, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikawa asilimia 35. Kura za Seneti zilifungana 50 kwa 50, Makamu wa Rais Dick Cheney akapiga ya kuvunja sare. John McCain, wa chama kilekile cha Republican, mtu aliyekaa mateka Hanoi zaidi ya miaka mitano wakati wa vita vya Vietnam, alipiga ya hapana. Mwenzake Tom DeLay, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, alikuwa amesema kwamba mbele ya vita hakuna jambo muhimu kuliko kupunguza kodi. Muuza mbao wako ana mwenzake.

Nisiwaonee waliotetea. Walikuwa na hoja, na hoja yenyewe haikuhusu vita hata kidogo. Uchumi ulikuwa umeyumba tangu 2001, makampuni ya intaneti yalikuwa yameporomoka, na Juni 2003 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 6.3. Vita vya Iraq, walisema, ni sehemu ndogo ya uchumi mkubwa mno, kwa hiyo tuuchangamshe uchumi na vita vitajilipia humohumo. Uchumi ulichangamka kweli. Nakisi, yaani pengo la bajeti, iliyofika dola bilioni 413 mwaka 2004 ilishuka hadi 161 mwaka 2007. Muuza mbao akikutolea hesabu hiyo usimbishie, ni sahihi.

Ila mwulize deni lilikwenda wapi. Septemba 2001 lilikuwa takriban dola trilioni 5.8, Septemba 2008 lilipita trilioni 10. Si lote la vita, wala si lote la punguzo la kodi, lakini hakuna mwaka hata mmoja kati ya hiyo ambao makusanyo yalitosha matumizi. Japani na China zilikuwa mstari wa mbele kununua hati fungani hizo. Askari akirudi nyumbani mshahara wake wa vitani unakoma. Riba haina likizo.

Na mimi nina kinyongo kingine, ambacho si cha hesabu. Walioenda Iraq walikuwa vijana wa kujitolea, wengi kutoka miji midogo, wanaotafuta ada ya chuo. Waliofaidi zaidi punguzo la gawio walikuwa wenye hisa. Hao wawili kwa sehemu kubwa si mtu mmoja. Vita ambavyo aliye nyumbani halipi chochote, si mtoto wala senti, ana sababu gani ya kuuliza vitaisha lini? Truman alipopandisha kodi kila Mmarekani aliijua Korea kila alipopokea mshahara. Naamini ndivyo inavyotakiwa iwe.

Rafiki wa nje naye yupo kwenye kumbukumbu. Vita vya Ghuba vya 1991 viligharimu Marekani kama dola bilioni 61, na washirika, Saudi Arabia na Kuwait wakiwa mbele, Japani na Ujerumani nyuma yao, walichangia zipatazo bilioni 54. Lakini rafiki wa namna hiyo hupatikana ukiwa unalinda visima vyake vya mafuta.

Sasa zile chupa 4. Muuza mbao anazipata Ukraine.

Urusi ilivamia Februari 2022. Mwezi uliofuata serikali ya Kyiv ilishusha kodi, tena sana. Kampuni kubwa kwa ndogo ziliruhusiwa kuacha kodi ya faida na VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, zilipe asilimia 2 tu ya mauzo. Wachuuzi wadogo waliambiwa anayeweza alipe, asiyeweza aache. VAT ya mafuta ya magari ikatoka asilimia 20 hadi 7, na ushuru wa bidhaa juu yake ukawa sifuri. Bidhaa zinazoingia kutoka nje zikasamehewa ushuru wa forodha na VAT kuanzia Aprili. Ukiwa umekaa Morogoro utasema hawa wamechanganyikiwa. Hapana. Viwanda vilikuwa vinapigwa makombora, mamilioni ya watu wamekimbia, pato la taifa mwaka ule lilianguka kwa karibu asilimia 29. Kiwanda kilichofungwa hakina kodi ya kutoza kwa kiwango chochote. Ng'ombe akishazimia humkamui, unamnywesha maji kwanza.

Lakini angalia walichofanya baadaye, maana muuza mbao hatakuambia. Msamaha wa forodha ulivuta magari yaliyotumika kutoka Ulaya kwa maelfu kwa maelfu, foleni mpakani na Poland ikawa ya wanaoleta magari wakati nchi inahitaji dawa na dizeli ipite. Fedha za kigeni zikatoka, hazina ikabaki tupu. Kufikia tarehe 1 Julai 2022 msamaha ule ulikuwa umefutwa, miezi mitatu tu. Ushuru wa mafuta ulianza kurudi mwaka huohuo. Ile asilimia 2 ya mauzo iliondolewa Agosti 2023. Na Desemba 2024 tozo ya jeshi, iliyoanzishwa 2014 kwa asilimia 1.5 ya kipato, ilipandishwa hadi asilimia 5, vita vikiwa bado vinaendelea. Mabenki yalikuwa yamekwisha kutozwa asilimia 50 ya faida ya 2023. Urusi nayo, ambayo ina mafuta na gesi, imefika kulekule: kodi ya faida ya makampuni imetoka asilimia 20 hadi 25 tangu Januari 2025, na wenye vipato vikubwa wanakatwa zaidi.

Kwa hiyo punguzo la Kyiv lilikuwa huduma ya kwanza, likawa na mwisho. La Washington lilipewa mtu mzima wa afya aliyekuwa anaumwa mafua. Ndiyo maana 20 kwa 4. Na ukinunua kreti hiyo dai risiti.

SWALI: Mzee, heshima yako. Ninasoma mwaka wa pili uchumi hapa Dodoma. Kama kodi inaumiza na mkopo una riba, kwa nini serikali iliyo vitani isichapishe noti tu? Benki Kuu ni yake. Na sisi Tanzania vita vya Kagera tulivilipa kwa njia gani? Darasani hatujafundishwa.
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Nikianza na la kwanza: huchapisha, na hata ambazo haziko vitani huchapisha. Ukraine hiyohiyo mwaka 2022 Benki Kuu yake ilinunua hati fungani za serikali za hryvnia (fedha ya huko) bilioni 400, na kununua huko ni kuchapisha kwa suti na tai. Desemba mwaka ule mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 26.6. Julai walilazimika kuishusha thamani ya fedha yao kutoka hryvnia 29 na ushei kwa dola hadi 36 na ushei, na riba ya Benki Kuu ilikuwa imerukia asilimia 25. Walioizuia isifike pabaya zaidi ni marafiki, waliotoa zaidi ya dola bilioni 30 mwaka ule. Mwaka uliofuata Benki Kuu ikaacha kuinunulia serikali hati fungani.

La Kagera nitalijibu kwa kirefu, maana nililiishi.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, wakaitangaza sehemu yote ya kaskazini ya Mto Kagera kuwa ya Uganda, wakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea na taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Uwezo wa kupigana kweli tulikuwa nao. Uwezo wa kulipia ni hotuba nyingine, na hiyo ilichelewa. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500 hivi, kwa nchi ambayo mauzo yake ya nje ya mwaka mzima yalikuwa karibu na hapo hapo.

Tulilipaje? Kwanza kwa vitu. Wananchi walichanga ng'ombe, mazao, fedha taslimu kazini. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mahindi, mengine yalirudi yakiwa mifupa. Mgambo waliacha mashamba. Hiyo nayo ni kodi, ingawa haikuwa na stakabadhi. Pili kwa akiba ya fedha za kigeni, ambayo tulikuwa tumeikusanya bei ya kahawa ilipokuwa juu mwaka 1976 na 1977. Iliyeyuka. Na tatu, serikali ilikopa Benki Kuu, yaani zilezile noti unazoniuliza.

Rafiki wa nje je? Mwalimu alibisha hodi kwingi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka tusuluhishwe, na wengi walituona wachokozi kwa kuvuka mpaka. Waganda wenyewe, hao tuliowakomboa, hazina yao Amin aliiacha haina kitu.

Mimi nilikuwa karani kijana Mwanza, kwenye kodi ya mauzo. Kazi yangu ilikuwa kupita viwandani kuangalia kilichotoka getini na kukipigia hesabu. Mwaka 1979 na 1980 nilikuwa napita getini na hakuna kilichotoka. Kiwanda kinangoja vipuri, vipuri vinangoja dola, dola zilikwenda vitani, na kilichobaki kililiwa na mafuta, ambayo bei yake ilipaa mwaka uleule baada ya mapinduzi ya Iran. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa imekufa 1977, kwa hiyo shirika la ndege, la reli, la posta, yote tuliyaanzisha upya kwa mfuko huohuo. Mtu akikuambia Kagera pekee ndiyo iliyotufilisi, anarahisisha. Akikuambia Kagera haikuchangia, hakuwahi kusimama foleni ya duka la RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa.

Kwenye foleni hiyo ndipo utajua noti zilizochapishwa zinalipwa na nani. Mshahara wangu haukupunguzwa hata senti. Ulipungukiwa na vitu vya kununua. Sabuni ya kufulia inakatwa vipande, sukari kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, ugali wa mahindi ya njano ya msaada tuliouita Yanga. Bei ya dukani ilikuwa ya serikali, haipandi, ila dukani hamna kitu. Kitu kiko kwa mlanguzi, kwa bei mara kadhaa. Hata ule mfumuko wa bei wa takwimu wa 1980, karibu asilimia 30, ulikuwa wa upole ukilinganisha na wa uchochoroni. Na mlanguzi, zingatia hili wewe mwanauchumi, halipi kodi ya mauzo. Kila kitu kilichohamia magendo kilitoroka kwenye daftari langu. Noti zilituondolea kodi mbili kwa mpigo, ya kiwanda kilichozimika na ya duka lililohamia gizani.

Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha aliyewahi kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo ambao sharti lake mojawapo lilikuwa kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu akakataa, Mtei akajiuzulu Desemba 1979. Siku ya mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi wa nchi za nje ni lini shirika hilo lilikuwa wizara ya fedha ya dunia. Tulipiga makofi, mimi mmojawapo, na hadi leo naona alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini bili ilikuwa bado ipo mezani. Makubaliano na shirika lilelile yalikuja 1986, Mwalimu akiwa ameng'atuka. Dola iliyokuwa shilingi 8 na kitu wakati wa vita ilifika 40 mwaka huo.

Ungeniuliza kama kodi ingepandishwa zaidi 1979 ingesaidia, ningesema kidogo. Wa kutozwa walikuwa wachache, na kiwanda kilichokosa vipuri hakikuwa na cha kutoa. Kilichokosekana kilikuwa dola, na dola haitozwi kwa shilingi. Lakini kumpunguzia mtu kodi wakati ule? Hata muuza mbao wa Morogoro asingethubutu kulisema kwenye foleni ya RTC.

SWALI: Shikamoo babu. Mume wangu ni askari, amepata kwenda nje na jeshi la kulinda amani. Je, si haki angalau askari asikatwe kodi akiwa vitani?
*Mama wa watoto wawili, Unguja*

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrejeshe salama kila aendapo. Hili ni punguzo la wakati wa vita ninaloliunga mkono bila kupepesa. Marekani wanalo: askari wa vyeo vya chini akiwa eneo la mapigano, mshahara wake wa miezi hiyo hautozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Ukraine walipopandisha ile tozo ya jeshi hadi asilimia 5, askari waliachwa kwenye 1.5. Hazina inapoteza kidogo sana, na hakuna kijiwe kitakachobisha. Kuhusu posho za walinda amani wetu, muulizeni mhasibu wa kikosi awape kwa maandishi nini kinakatwa na nini hakikatwi. Maneno ya korido hayana thamani siku ya malalamiko.

SWALI: Jambo Mzee. Mimi ni mtu wa Kivu, Kongo, sasa naendesha lori Columbus, Ohio. Kwetu vita haipunguze kodi hata siku moja, kila mwenye bunduki anaweka bariyeri na anaomba yake. Huku nako bili ya simu ya mezani ya mama mkwe ina kodi ya serikali, rafiki ananiambia ni ya vita vya zamani. Ni kweli?
*Dereva, Ohio*

JIBU: Jambo, ndugu yangu. Kwanza simu. Rafiki yako anasema kweli. Marekani ilianza kutoza simu mwaka 1898 kulipia vita na Hispania: senti moja kwa simu ya masafa iliyozidi senti 15. Wakati huo mwenye simu alikuwa tajiri, haikumgusa mchuuzi. Ikafutwa 1902, ikarudi na Vita Vikuu vya Kwanza, ikaondoka, ikarudi tena, mwaka 1966 ikapandishwa hadi asilimia 10 kwa ajili ya Vietnam, baadaye ikatulia kwenye 3. Mwaka 2006 wizara ya fedha iliacha kuitoza kwenye simu za masafa na kuwarudishia watu kidogo. Kwa simu ya mezani ya ndani tu, ipo. Punguzo la vita lina tabia ya kuombewa kuongezwa muda, na kodi ya vita vilevile.

Kuhusu Kivu, bariyeri ni kodi, tena ya kale kuliko zote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwishoni mwa 2024 kwamba waasi wa M23, baada ya kuushika mji wa migodi wa Rubaya, walikuwa wanavuna kama dola 800,000 kwa mwezi kwa kuyatoza madini ya koltani peke yake. Mfanyabiashara wa huko analipa serikali, analipa kizuizi cha kwanza, analipa cha pili, na bei ya maharage sokoni inazibeba zote. Pale serikali ikitangaza punguzo la kodi yake, anayeiona nafuu ni mwenye kizuizi: mwenye lori amebakiwa na pesa zaidi, na yeye ndiye wa kwanza kukutana naye njiani. Hilo halijibiwi na safu ya kodi. Ila mwambie mama mkwe asiikate simu yake kwa ajili ya asilimia 3.